Ulimi wa Mgeni Ulingoni: Ukimya wa Kamala, "Jitu la Uganda", katika Mieleka ya Marekani

1.0 Utangulizi

Tarehe 9 Agosti, 2020, alifariki dunia katika jimbo la Mississippi, Marekani, mzee wa miaka 70 aliyeitwa James Harris. Alizaliwa katika jimbo hilo hilo, katika mji mdogo wa Senatobia, tarehe 28 Mei, 1950, na lugha aliyokulia ilikuwa Kiingereza cha Wamarekani Weusi wa kusini. Hata hivyo, watazamaji wa mieleka ya kulipwa hawakumjua kwa jina hilo wala kwa lugha hiyo. Wao walimjua kama Kamala, "Jitu la Uganda", mtu wa kilo zipatazo 170 aliyeingia ulingoni pekupeku, amejifunga winda, ameshika mkuki, usoni amevaa kinyago, na kinywani hana neno hata moja.

Makala haya yanachunguza jinsi mhusika huyo alivyoundwa na kazi aliyoifanya katika mfumo wa ishara wa mieleka ya Marekani kuanzia mwaka 1982. Hoja inayotetewa ni kwamba mgeni mwovu wa ulingoni huundwa kwanza kwa lugha, na kwamba mavazi na rangi huja kuunga mkono kile ambacho lugha imekwisha kukisema. Kwa Kamala, lugha hiyo ilikuwa ukimya. Suala hili lina uzito wa pekee kwa wanaisimu wa Afrika Mashariki, kwa sababu ukimya huo ulipewa jina la nchi iliyopo, na ukawekwa mahali ambapo, kwa ushahidi wa historia, palipaswa kusikika Kiswahili.

2.0 Mieleka ya kulipwa kama mfumo wa ishara

Mieleka ya kulipwa ya Marekani haina budi kutofautishwa na mieleka ya mashindano ya Olimpiki, na pia na mieleka ya jadi inayojulikana katika jamii nyingi za Kiafrika. Matokeo yake hupangwa kabla ya pambano. Mwanazuoni wa Kifaransa, Roland Barthes, katika mkusanyiko wa insha zake Mythologies uliochapwa mwaka 1957, aliona kwamba mieleka ya aina hii ni tamasha kuliko mchezo wa kushindana, na kwamba mtazamaji haendi kutazama nani atashinda bali kushuhudia maana ikifunuliwa waziwazi. Umbo la mwili, mwendo, vazi na uso wa mwanamieleka ni ishara ambazo mtazamaji aliyeketi mbali kabisa anapaswa kuzisoma bila kubabaika.

Tamasha hilo lina wahusika wa aina kuu mbili. Katika msimbo wa wanamieleka wenyewe, mhusika mwovu huitwa kwa neno lenye maana ya "kisigino", na mwema huitwa kwa neno lenye maana ya "uso wa kitoto". Aidha ipo kanuni iitwayo keifeibu, inayomtaka mwanamieleka kulinda uhusika wake hata nje ya ulingo. Uzito wa kanuni hiyo ulidhihirika mwezi Mei, 1987, pale The Iron Sheik na Jim Duggan, waliokuwa mahasimu wakubwa mbele ya hadhira, walipokamatwa na polisi katika jimbo la New Jersey wakisafiri kwa gari moja. Wote wawili walipoteza kazi, ingawa baadaye walirudi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, shirika kubwa la mieleka lililoitwa wakati huo World Wrestling Federation lilikiri mbele ya Seneti ya jimbo hilo hilo kwamba shughuli yake ni burudani, lengo likiwa kuepuka masharti yanayohusu michezo ya kushindana. Kwa hiyo, katika miaka ambayo Kamala alivuma, mpaka kati ya mtu na mhusika ulilindwa kwa bidii, na mwenye kuuvuka aliweza kuadhibiwa.

3.0 Mgeni kama mtu asiye na lugha

Kabla ya kumchambua Kamala, ni vyema kukumbuka kwamba kumtambulisha mgeni kwa ulimi wake ni jambo la kale sana. Wayunani wa kale waliwaita wageni barbaroi, neno linaloiga sauti ya usemi usioeleweka, na kutokana nalo lugha nyingi za Ulaya zimepata neno la "mshenzi". Katika lugha za Kislavi, neno la kumtaja Mjerumani limetokana na mzizi wenye maana ya "bubu". Waarabu waliwaita wasio Waarabu ajam, kutokana na mzizi unaohusiana na usemi usio fasaha, na jina hilo likawaangukia Waajemi zaidi ya wengine. Kiswahili kililipokea jina hilo bila dhihaka iliyokuwamo, na ndiyo maana nchi ya Irani iliitwa Uajemi.

Kiswahili nacho hakikusalimika na tabia hii. Wenyeji wa pwani walikuwa na neno mshenzi kwa mtu wa bara, likisimama kinyume cha mstaarabu, neno ambalo kwa asili yake ya Kiarabu linahusu kufuata mwenendo wa Waarabu. Katika vichekesho vya majukwaani na michezo ya redio, mtu wa kuja amezoeleka kutambulishwa kwa lafudhi: hubadilisha /r/ na /l/, au hukosea upatanisho wa kisarufi, na hadhira hucheka. Lakini ipo tofauti ya msingi ambayo itahitajika hapa chini. Mgeni wa vichekesho husema. Anasema vibaya, lakini anasema, na mara nyingine jibu lake ndilo linalomwaibisha mwenyeji.

4.0 Wageni waliopewa sauti

Katika miaka ya 1980 ulingo wa Marekani ulikuwa na wageni waovu wengi. Wawili kati yao wanafaa kwa ulinganishi, kwa kuwa walishirikiana na kutwaa ubingwa wa timu za wawili katika onyesho la kwanza la WrestleMania, tarehe 31 Machi, 1985.

Wa kwanza ni The Iron Sheik, ambaye jina lake halisi lilikuwa Hossein Khosrow Ali Vaziri. Huyu alikuwa Mwirani kweli, na mwanamieleka wa kweli aliyewahi kutwaa ubingwa wa Marekani wa wanamichezo wa ridhaa mwaka 1971. Baada ya Wamarekani 52 kushikiliwa mateka mjini Tehran kwa siku 444, hadi Januari 1981, asili yake ikawa mtaji. Silaha yake kubwa ilikuwa kipaza sauti. Alisema Kiingereza cha lafudhi nzito, akaitukuza Irani, akaitemea mate Marekani. Tarehe 26 Desemba, 1983, alimpokonya Bob Backlund ubingwa katika ukumbi wa Madison Square Garden, na tarehe 23 Januari, 1984, akaupoteza kwa Hulk Hogan. Wiki zake nne za ubingwa zilikuwa daraja la kumvusha shujaa wa Kimarekani.

Wa pili ni Nikolai Volkoff, "Mrusi" aliyeimba wimbo wa taifa wa Umoja wa Kisovieti kabla ya kila pambano huku hadhira ikizomea. Jina lake halisi lilikuwa Josip Peruzović, na alizaliwa mjini Split, katika Kroatia, wakati huo sehemu ya Yugoslavia. Hakuwa Mrusi.

Mifano hii inaonyesha unasibu wa ishara kwa namna ambayo de Saussure angeifurahia. Mkroatia alitosha kuwa Mrusi, na cheo cha Kiarabu, yaani Sheikh, kilimtosha Mwajemi. Mwaka 1991, Marekani ilipopigana na Iraki, The Iron Sheik huyo huyo alirudi ulingoni akiitwa Kanali Mustafa, askari wa Iraki, miaka mitatu tu baada ya Irani na Iraki kumaliza vita vilivyodumu tangu mwaka 1980. Kilichohitajika ulingoni kilikuwa nafasi ya adui, na yeyote aliyefanana na adui kwa macho ya hadhira aliweza kuijaza.

Pamoja na hayo, wageni hawa wawili walipewa kitu muhimu, nacho ni usemi. Mmoja alihutubia, mwingine aliimba. Adui aliyepewa wimbo wa taifa anakiriwa kuwa na taifa. Hadhira iliyomzomea Volkoff ilikuwa inajibizana na dola.

5.0 Kamala: kutungwa kwa ukimya

5.1 Mtu kabla ya mhusika

James Harris alitoka katika familia ya wakulima waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Baba yake aliuawa yeye akiwa bado mtoto mdogo. Aliingia katika mieleka mwaka 1978, na mwanzoni alitumia jina la Sugar Bear Harris. Baadaye alipigana Uingereza, ambako mojawapo ya majina yake ya ulingoni lilibeba jina la Mississippi, jimbo lake la kuzaliwa. Jambo hili si dogo. Mbele ya hadhira ya Waingereza, Mississippi ilikuwa mbali kiasi cha kutosha kuwa alama ya ugeni. Mbele ya hadhira ya Wamarekani ilihitajika nchi ya mbali zaidi.

Nchi hiyo ilipatikana mwaka 1982 mjini Memphis, Tennessee. Harris alikutana na Jerry Lawler, mwanamieleka aliyekuwa pia mchoraji, na Jerry Jarrett, mwandaaji wa mapambano, na kwa pamoja wakamtunga mhusika mpya. Usoni akapakwa rangi za vita, kifuani akachorwa nyota mbili, na tumboni mwezi. Picha za kumtambulisha kwa watazamaji, zenye msitu ulioitwa wa Afrika, zilipigwa huko huko Tennessee. Hadithi iliyosimuliwa ni kwamba alikuwa mlinzi wa zamani wa Idi Amin.

5.2 Jina

Jina la mhusika liliandikwa kwanza Kimala, na baadaye likatulia kuwa Kamala. Kwa sikio la Mmarekani, mfuatano wa silabi huru tatu, kila moja ikiwa konsonanti na irabu, ulitosha kuashiria Afrika, na ukaribu wake na jina Kampala uliongeza nguvu ya ishara hiyo. Kwa sikio la msemaji wa lugha ya Kibantu, maumbo hayo yana mengine ya kusema. Ki- ni kiambishi ambacho katika Kiswahili hutumika, pamoja na kazi nyingine, kudunisha, kama katika kitoto. Ka- hufanya kazi hiyo hiyo katika Luganda, kama katika akaana, mtoto mdogo. Luganda pia ina kitenzi -mala, chenye maana ya kumaliza au kutosha. Hivyo msikilizaji wa Kampala angeweza kulisikia jina la "jitu" hili kana kwamba ni la kitu kidogo chenye kumaliza. Aidha Kamala ni jina la watu linalofahamika mkoani Kagera, Tanzania. Hakuna dalili kwamba watungaji walikusudia lolote kati ya haya. Walichukua umbo la sauti na kuacha lugha yake.

Sadfa ya baadaye inafaa kutajwa. Tarehe 11 Agosti, 2020, siku mbili baada ya kifo cha James Harris, mwanasiasa Kamala Harris aliteuliwa kuwa mgombea mwenza wa urais wa Marekani. Jina lake limetokana na Kisanskriti na maana yake ni yungiyungi, na hutamkwa kwa mkazo katika silabi ya kwanza, tofauti na la mwanamieleka, lenye mkazo katika silabi ya pili. Herufi ni zile zile, lakini hayana asili moja.

5.3 Ukimya na wasemaji wa niaba

Kamala hakuhojiwa kama wengine. Alinguruma, alitoa macho, alipiga tumbo lake kwa viganja. Kutokana na hali hiyo alihitaji watu wa kumsemea na kumwongoza. Mmoja alikuwa meneja, mwenye kusema na vyombo vya habari. Mwingine alikuwa mwangalizi aliyeitwa Kim Chee, mtu aliyefunika uso na kuvaa mavazi ya msafiri wa kikoloni, pamoja na kofia yake ngumu. Jina la mwangalizi huyo ni la chakula cha Kikorea, na wakati mwingine mwangalizi aliitwa Friday, jina la mtumishi katika riwaya ya Robinson Crusoe ya mwaka 1719. Uganda, Korea na kisiwa cha riwaya ya Kiingereza vilichanganywa katika chungu kimoja, na kinachoviunganisha ni umbali wake kutoka Memphis tu.

Mchezo mmoja uliorudiwa mara kwa mara unaonyesha kiini cha uhusika huu. Sheria ya mieleka inataka mshindani abanwe mgongo wake ukiwa chini. Kamala alikuwa akimlalia mpinzani aliyelala kifudifudi, na mwangalizi hulazimika kuruka na kupunga mikono ili ampe ishara ya kumgeuza. Hapa ukimya umepanuliwa. Asiyejua lugha ameonyeshwa kuwa hawezi hata kujifunza kanuni za mchezo anaoucheza kila usiku. Kwa maneno mengine, amenyimwa lugha kisha akanyimwa uwezo wa sarufi ya aina yoyote.

Ulinganishi na sehemu ya 4.0 sasa uko wazi. Irani na Umoja wa Kisovieti zilipewa wasemaji kwa kuwa zilitazamwa kama dola. Uganda, iliyopata uhuru mwaka 1962 na kuwa na bendera, wimbo wa taifa na chuo kikuu mashuhuri, iliwakilishwa na msitu, mkuki na ngurumo.

6.0 Mlinzi wa Amin angesema nini?

Hebu hadithi ya Memphis ichukuliwe kwa dhati kwa muda. Mtu aliyekuwa mlinzi wa Idi Amin, aliyetawala Uganda kuanzia mwaka 1971 hadi 1979, angekuwa mwanajeshi wa Uganda wa miaka hiyo. Lugha ya jeshi hilo, tangu enzi za kikosi cha kikoloni cha King's African Rifles ambamo Amin mwenyewe alitumikia, ilikuwa Kiswahili. Zaidi ya hayo, mwaka 1973 Amin alitoa amri iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Mlinzi wake angekitumia Kiswahili kazini, na pengine angekuwa na Kinubi, Kikakwa au Kilugbara nyumbani. Kwa kipimo chochote cha isimujamii, angekuwa mtu wa lugha zaidi ya moja. Mhusika aliyetungwa kuwa bubu alitungwa katika nafasi ambayo kihistoria ilijaa lugha.

Hili linaeleza pia hali ya jina la Amin lenyewe. Kwa Waganda na majirani zao, jina hilo lilibeba kufukuzwa kwa watu wa asili ya Asia mwaka 1972, mauaji ya raia, uvamizi wa Kagera mwaka 1978, na vita vilivyoishia kwa kutekwa kwa Kampala tarehe 11 Aprili, 1979. Miaka mitatu baadaye jina hilo lilikuwa likiuza tiketi Tennessee, likiwa limeondolewa wafu wake wote. Ishara ilibaki na kitisho na kupoteza rejeo. Huenda hapa ndipo uharibifu ulipokuwa mkubwa kuliko kwenye winda na mkuki: mateso ya watu halisi yaligeuzwa kuwa sifa ya mtu wa kubuni.

7.0 Gharama ya ukimya

Yapo maelezo mengine yanayostahili kusikilizwa. Harris alikuwa mtaalamu wa kazi yake. Kueleweka na maelfu ya watu bila kutamka neno, mwaka baada ya mwaka, ni ustadi, na uhusika huo ulimfikisha kwenye mapambano na André the Giant, Hulk Hogan na, mwezi Agosti 1992, The Undertaker katika uwanja wa Wembley, London. Watoto wengi walimpenda. Mwana wa mkulima asiye na shamba alipata riziki ambayo Senatobia haikuwa na uwezo wa kumpa. Haifai, basi, kumtazama kama mtu asiye na utashi.

Hata hivyo, ukimya ulikuwa na bei. Mwanamieleka wa miaka ile alipanda thamani kwa kusema: hotuba ndizo zilizouza mapambano na kumfanya Hogan kuwa Hogan. Asiyesema alibaki kuwa kizingiti cha wengine kukiruka. Katika uzee wake Harris alilalamika hadharani kwamba alilipwa kidogo mno akilinganishwa na wapinzani wake. Kati ya mwishoni mwa mwaka 1992 na mwaka 1993 alifanywa mhusika mwema, na ubadilishaji huo wenyewe una funzo. Mhubiri wa ulingoni aliyeitwa Slick alimtoa kwa mabwana zake, akamweleza kwamba yeye ni binadamu, na kumfundisha kucheza boling. Hata katika kukombolewa, ubinadamu wake ulitangazwa na mtu mwingine. Aliondoka katika shirika hilo mwaka huo wa 1993, na baadaye akafanya kazi ya kuendesha malori. Ugonjwa wa kisukari ulimfanya akatwe mguu wa kushoto mwaka 2011 na wa kulia mwaka 2012. Kisha akatoa kitabu cha maisha yake kwa Kiingereza, kiitwacho Kamala Speaks. Maana yake ni "Kamala Anasema".

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mgeni mwovu wa mieleka ya Marekani ni zao la lugha, na kwamba kuna daraja katika ugeni huo: wapo waliopewa hotuba, wapo waliopewa wimbo, na yupo aliyepewa ngurumo. Daraja hilo lilifuata jinsi hadhira ilivyozipima nchi zilizotajwa. Imeonekana pia kwamba tabia ya kumwona mgeni kuwa bubu imo katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na hivyo mtafiti wa Kiswahili hana budi kuichunguza kwake kabla ya kuishangaa kwa wengine.

Jina la kitabu cha Harris linabeba suala zima kwa maneno mawili. Halingekuwa na maana yoyote kwa The Iron Sheik, ambaye hakuna aliyewahi kumnyamazisha. Kwa Kamala, kitenzi "kusema" peke yake kilikuwa habari. Aliyesema, hatimaye, alikuwa mtu wa Mississippi, kwa lugha yake ya Mississippi. Uganda iliyobebeshwa ukimya wake haikupata nafasi ya namna hiyo katika ulingo ule, na jukumu la kuirudishia sauti linabaki kwa wanaozijua lugha zake.